Udongo Uliopanda Tipa

"Na hili, mwanangu, mmeliandika wapi?"

Swali hilo niliulizwa siku yangu ya kwanza kazini. Aliyeuliza alikuwa Mama Leokadia, mkulima wa mahindi na ulezi kandokando ya mji mmoja mdogo wa uwanda wa Ufipa. Halmashauri ya mji ule ndiyo iliyoniajiri kwa mkataba, na jina lake sitalitaja. Nilikuwa nimeshika fomu za uthamini wa fidia. Mama alikuwa ameegemea jembe, akinionyesha kwa kidevu tuta la mviringo lililomfika magotini.

Nikapekua fomu. Kulikuwa na safu ya miti, safu ya mazao yaliyosimama shambani, safu ya majengo, hata safu ya choo. Safu ya tuta haikuwapo.

Matuta yale Wafipa huyaita intumba. Mvua zinapoelekea kuisha, mkulima hugeuza nyasi na udongo kwa jembe, akazifunika zioze ndani. Msimu unaofuata huzivunja intumba, huzitawanya, ndipo hupanda. Kwa hiyo shamba la intumba mwezi wa Agosti halina jani la kijani, lakini nusu ya kazi ya mwaka unaokuja imeshafanyika. Mthamini, yaani mtaalamu anayepanga thamani ya mali kabla ya fidia, alitoka mkoa mwingine na alikuwa na haraka ya kuwahi basi. Aliangaza macho mara moja, akasema, "Andika: mazao hakuna." Nikaandika. Baba yangu alitoka Mbeya kuja kuuza vitenge Sumbawanga, na mimi nililelewa dukani. Intumba nilikuwa nikiziona kupitia dirisha la gari tu.

"Mnalipa ardhi," alisema Mama Leokadia. "Choo mnalipa. Mgongo wangu je?"

"Nitauliza ofisini, mama."

"Haya, uliza. Mvua zikianza nataka niwe na mahali pa kupanda, na mahali penyewe pawe na udongo wa kulisha watu saba."

Ninyi mnaosoma mipango miji, kama nilivyosoma mimi, mjue kwamba kuandaa eneo si kujenga. Ni kulipa fidia, kufyeka, kuondoa udongo wa juu, kuchonga barabara, kuchimba mitaro na kupanda bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja. Nyumba hujengwa baadaye, na watu wengine, kwa fedha nyingine, na mambo mengi hupotelea katikati hapo. Eneo letu lilikuwa la nyumba za gharama nafuu, na halmashauri ilitenga mapato yake ya ndani kuliandaa. Mapato hayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ushuru wa mazao unaotozwa kwenye vizuizi vya barabarani. Katika kikao changu cha kwanza nilisema kwamba mahindi ya akina Mama Leokadia ndiyo yanayolipia mashine itakayofukua shamba lao. Nikauliza pia hiyo gharama nafuu ni nafuu kwa nani.

Mkurugenzi alinitazama juu ya miwani. "Binti, umeanza kazi lini?"

"Jumatatu, Mkurugenzi."

"Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Basi kwanza maliza wiki."

Watu walicheka. Sikucheka, na nilimwandika kwenye daftari langu kila aliyecheka.

Mkubwa wangu wa karibu alikuwa Mhandisi. Alikuwa mtu mpole mno, na mtu mpole mwenye saini alinitia mashaka kuliko mkali. Naye alitoka Mbeya, kwa hiyo nilijiona namjua kama ninavyowajua wajomba zangu. Nilipompelekea suala la intumba, alisikiliza mpaka mwisho.

"Fomu haina safu hiyo," alisema.

"Tuiongeze."

"Fomu imetoka juu, dada msomi. Si daftari lako la mashaka." Alijua habari za daftari. Kisha akauliza, "Ni mama yupi aliyekuuliza?"

Nikamtajia jina. Jioni nikaandika: anataka jina la nini? Nikapiga mistari miwili chini yake.

Kazi ya udongo ilianza Septemba. Udongo wa juu huondolewa kwa sababu una mizizi na vitu vinavyooza. Ukijenga juu yake nyumba hutitia, na kuta hupasuka. Kijiko, ile mashine yenye mkono mrefu wa kuchotea, kilipita juu ya intumba na kuzipakia kwenye tipa zikiwa bado zinafuka mvuke asubuhi. Mkataba ulisema udongo huo ni mali ya halmashauri na umwagwe kwenye korongo nyuma ya machinjio. Kazi yangu ilikuwa kuandika safari za tipa.

Wiki ya pili nilishuka korongoni. Nilikuta chupa na mifupa ya ng'ombe. Udongo mweusi haukuwapo hata beleshi moja. Nikarudi kumsubiri dereva.

"Mambo, sista."

"Poa. Udongo mnamwaga wapi?"

"Panapohusika."

"Panapohusika ndiyo wapi?"

"Muulize anayehusika," alisema, akapandisha kioo.

Siku iliyofuata nilikodi bodaboda, tukaifuata tipa kwa mbali. Kijana wa bodaboda aliendesha kilomita kadhaa bila kuuliza, kisha ikamshinda.

"Sista, humo ndani yumo shemeji?"

"Umo udongo."

"Duh. Siku hizi hata udongo unachepuka."

Tipa iliiacha barabara ya Mpui ikaingia kwenye shamba lililozungushiwa miti. Udongo ulikuwa umemwagwa kwa mafungu yaliyopangwa mistari. Mbali kidogo wanawake wanne walikuwa wameinama wakiyatawanya kwa majembe, migongo yao ikiwa upande wangu. Mlinzi alikuwa amekaa juu ya ndoo.

"Shikamoo, baba. Hili shamba la nani?"

"Marahaba. La Mhandisi. Wewe si unatoka huko ofisini kwao?"

Sikuhitaji zaidi. Nilipiga picha za mafungu, za namba ya tipa, na za wale wanawake. Chini ya picha yao niliandika: vibarua wanne. Sikuwasogelea. Nilijiambia ninaharakisha kabla sijaonekana. Tangu hapo nimejiuliza mara nyingi kama haikuwa kwamba jibu nililokuwa nalo lilikuwa tamu mno kulihatarisha kwa swali jingine.

Taarifa yangu ilikwenda kwa Mkaguzi wa Ndani, afisa anayechunguza matumizi ya halmashauri kabla wakaguzi wa nje hawajafika. Kila neno ndani yake lilikuwa la kweli. Mali ya umma, kwa mafuta ya umma, ilikuwa inapelekwa kwenye shamba binafsi la mtumishi. Siku tatu baadaye Mkurugenzi alizielekeza tipa korongoni. Intumba zilizobaki, zaidi ya nusu ya eneo, zilifunika chupa na mifupa. Safari hii Mkurugenzi aliniita binti yangu, akanipa mkono.

Mhandisi alihamishwa kabla ya mvua. Siku anafungasha nilipita mlangoni kwake, nadhani nilitaka kuona uso wa mtu aliyekamatwa. Alikuwa anapanga mafaili kwenye katoni.

"Ulipofika kule shambani," alisema bila kugeuka, "uliongea na nani?"

"Na mlinzi."

"Na nani mwingine?"

"Basi."

"Basi," alirudia, akaendelea kupanga.

Nilidhani anatafuta shahidi wa kumhonga. Nikaliandika hilo pia.

Baada ya hapo nilihamishiwa kitengo cha vibali vya ujenzi, chini ya Afisa aliyependa mihuri kuliko ramani, nikakaa huko mpaka mkataba ulipoisha. Haukuhuishwa. Mtu anayeuliza hupendwa mpaka swali lake limfikie aliyekuwa akimpenda. Sasa nina miaka thelathini na tatu, nina ofisi ya chumba kimoja Sumbawanga, nachorea watu ramani za nyumba. Zile nyumba za gharama nafuu zimesimama, kuta hazijapasuka. Nimewahi kupita mchana nikahesabu magari mazuri mbele ya milango. Bado nauliza nafuu kwa nani, ila sasa najiuliza mwenyewe, na bado sijaacha kushuku. Ninachowaambia ninyi mnaoanza ni kidogo tu: ukishuka kwenye pikipiki, tembea mpaka mwisho wa shamba.

Nasema hivyo kwa sababu ya mazungumzo ya mwaka jana. Nilikuwa nanunua maharage sokoni, muuzaji akaniita mwanangu kabla sijamtambua. Nilimwamkia, nikamuuliza habari za shamba. Mama Leokadia alinieleza huku akinipimia, bila kupandisha sauti. Wale wanawake wanne hawakuwa vibarua. Walikuwa ni yeye na majirani zake watatu, wote waliokuwa na intumba pale palipojengwa nyumba. Mhandisi aliwapa shamba lake walime misimu mitatu bila kodi, na udongo wao uwafuate huko.

"Tipa zilipokatika, hatukuwa na udongo wa kutosha hata robo ya shamba," alisema. "Mwaka ule nilinunua mahindi. Mimi, kununua mahindi."

Sikujua niangalie wapi. Lakini tabia yangu ni ile ile, nikauliza, "Na baada ya misimu mitatu, mama?"

"Shamba lingerudi kwake."

"Na udongo wenu ndani yake."

"Na udongo wetu ndani yake."

"Huoni kwamba alikuwa anawatumia?"

"Naona. Na sisi tulikuwa tunamtumia." Alifunga mfuko wangu wa maharage. "Yeye alikuwa na shamba lisilo na nguvu, sisi tulikuwa na nguvu isiyo na shamba. Wewe shuleni hiyo mngeiitaje?"

Nilimwambia sheria ingeiitaje. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia bei ya bidhaa asiyotaka kuinunua.

"Basi mngenifunga mimi," alisema. "Yule baba hakuwa na wazo hilo. Nilimfuata ofisini siku aliyotuma mtu kuniita, aniambie fomu haina safu. Nikamwambia, kama karatasi haina nafasi, tipa zina nafasi. Akakataa. Nikarudi, akakataa tena, akasema atafukuzwa kazi. Mara ya tatu nilimwomba aje shambani, aingize mkono ndani ya tuta moja tu. Akakunja shati. Akauingiza mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo. Udongo ulikuwa wa moto, nyasi zikioza ndani, si unajua. Halafu akaniuliza zitatosha tipa ngapi."