Ugali wa Ngumi Moja

Mizani ya kliniki ya sukari pale Homa Bay ina tabia mbaya ya kusema ukweli mbele za watu. Nilipoipanda, mshale ulikwenda kulia, ukasita kidogo, kisha ukaendelea na safari yake. Muuguzi, mama mfupi kutoka Ukambani ambaye hacheki ovyo, aliandika namba kwenye kadi yangu na kunieleza kwa Kiswahili kilichonyooka. Sukari imepanda. Uzito umezidi. Nina miezi mitatu ya kupunguza kilo sita, la sivyo nitaanza kujidunga sindano tumboni kila siku.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na miwili. Nimewahi kumfukuza fisi kwa mwiko wa kusongea ugali. Lakini sindano huniangusha. Shuleni nilipochanjwa nilizimia, na wenzangu walinitania mpaka nikamaliza darasa la nane. Kwa hiyo ahadi ile ya tumboni kila siku ilinitia hofu ya kweli.

"Kinachoingia kisizidi kinachotoka," muuguzi alisema. "Ni hivyo tu. Utembee kila siku. Na ugali usizidi ngumi."

Nikakunja ngumi yangu na kumwonyesha, nikiwa na matumaini makubwa. Aliitazama kwa muda.

"Si hiyo," akasema. "Hiyo ni ya familia nzima."

Akakunja ya kwake. Nimeona limau kubwa kuliko ngumi ile.

Basi nikaanza. Jioni ya kwanza nilishindwa kufunga kamba za viatu. Wahenga waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame hawakuwa na kitambi changu. Mke wangu alinifungia kamba huku ametazama pembeni ili nisimwone akicheka, nami nikashuka kuelekea ziwani.

Sasa, kwetu mtu wa ofisi mwenye gari akionekana anatembea kwa miguu, hakuna anayefikiria afya. Watu hufikiria msiba. Mwendeshaji wa boda boda alinifuata polepole kama mita mia hivi.

"Mkubwa, gari imekufa?"

"Hapana. Natembea tu."

"Panda nikupeleke. Usione haya, maisha iko hivyo."

Nilikataa. Wiki hiyohiyo majirani zetu Wasabato walikuja Jumamosi baada ya ibada, wamebeba sufuria ya nyoyo, yale mahindi na maharagwe yaliyochemshwa mpaka yakakubali. Walituombea tupate mlango mwingine. Walipokuwa wakiondoka, mmoja alimwuliza mke wangu kwa sauti ya chini kama nilifukuzwa kazi au nilisimamishwa tu. Kukataa chakula cha mtu aliyekuja kukufariji ni ufidhuli, kwa hiyo nilikula. Nilikula sahani mbili, kwa heshima.

Tatizo lingine lilikuwa njia yenyewe. Barabara niliyoichagua inaishia pale ambapo akina mama wanakaanga samaki. Nilifika nikiwa nimelowa jasho, nikijiona shujaa, na shujaa hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu. Nilikuwa natoa jasho la nusu chapati na kurudisha samaki mzima wa ngege na ugali wake. Nilijiambia kwamba ugali huo nimeshautolea jasho. Ile simu yangu inayohesabu hatua nayo nilikuja kugundua kwamba nikiitikisa nikiwa nimeketi ofisini inahesabu vilevile, na kuna siku nilitembea mpaka Rongo bila kuinuka kwenye kiti. Baada ya wiki mbili za mazoezi makali nilikuwa nimeongezeka kilo moja.

Mke wangu ndiye aliyeninyoosha. Alificha sahani zetu kubwa, akanipa kisahani cha kikombe, na akaniagiza nitembee upande wa mlimani, kusikouzwa kitu. Huko chakula pekee kilikuwa mbuzi, na mbuzi wenyewe walikuwa bado hai. Nilinung'unika kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Lakini kilo zilianza kutoka, moja, mbili, na mwisho wa mwezi wa pili nilikuwa nimepunguza nne. Suruali zikaanza kunitoroka. Nilichukua msumari nikatoboa tundu jipya kwenye mshipi, na nilifurahi jinsi nilivyofurahi siku nilipopata leseni ya kuendesha gari.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kumwona mama yangu upande wa Ndhiwa, shati nikiwa nimelichomeka ndani makusudi ili aone.

Aliona. Alinisalimu, akanitazama usoni, kisha macho yakashuka mpaka kwenye mshipi na kukaa hapo. Alichinja jogoo, akasonga ugali kama wa watu wanaotoka kulima, akaniwekea firigisi ambayo ni haki yangu kama mwanamume wa boma. Nilikata kipande cha ngumi moja, ngumi ya muuguzi, nikala na mboga. Uliobaki nikausogeza kando.

"Umeshiba?" aliuliza.

"Nimeshiba, mama."

Akaondoa sahani bila kunitazama. Nilidhani amekasirika kwa sababu ya jogoo.

Jumanne asubuhi alibisha mlango wetu Homa Bay, akiwa na kuku wawili na unga wake mwenyewe. Kwetu mama halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, kwa hiyo alikuja asubuhi, akapika, akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza, kisha akarudi kwake kabla jua halijazama. Ijumaa akaja tena. Wiki iliyofuata vilevile. Alileta aliya, nyama iliyokaushwa, akaipika kwa samli ya maziwa ya ng'ombe wake. Mke wangu alifukuzwa jikoni kwa adabu. Huwezi kumwambia mwanamke wa miaka themanini, aliyepanda magari mawili na sufuria mapajani, kwamba chakula chake kina mafuta. Mimi sikuweza.

Nikajaribu kusawazisha kwa miguu. Mama akinilisha mara moja, napanda mlima mara mbili. Nilipanda mpaka goti la kushoto likavimba na mbuzi wakanizoea. Haikusaidia kitu. Zikiwa zimebaki siku chache miezi mitatu ikatike, kilo mbili zilikuwa zimerudi, na usiku nilikuwa naota sindano.

Siku moja akiwa ananipakulia, nilishika mkono wake na mwiko ukiwa humohumo.

"Mama, basi. Siumwi ule ugonjwa wa kukondesha. Ni sukari."

Aliutoa mkono wake taratibu.

"Kaka yako pia aliniambia ni malaria," alisema.

Nilikuwa nimesahau, na niliona aibu kwamba nilisahau. Kaka yangu mkubwa alikonda miaka ile ambayo watu wa huku walikonda na hakuna aliyetaja jina la kilichowakondesha. Alikuwa mtu mnene, mcheshi. Alianza kwa kutoboa mshipi kwa msumari, tundu moja, kisha jingine, akitwambia amepata mwili wa kijana. Mama alikuwa amekaa pale akiyaona matundu yale yakiongezeka. Na mimi nilimwendea na shati nimelichomeka.

Siku ya kliniki nilimpeleka. Alikaa kwenye benchi amevaa kitambaa chake cha kanisani, mkoba mapajani. Nilipanda mizani. Mshale ukanichongea: nimepunguza kilo mbili tu. Muuguzi akafungua droo na kuanza kutafuta karatasi ya kuagizia sindano.

"Daktari," mama alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Ngoja kidogo. Mimi nataka kuuliza kitu moja. Hii mtoto yangu, iko na ile kitu ingine?"

Muuguzi alinitazama. Nikamwambia amweleze mama yangu kila kitu. Akafungua faili langu, akamsomea kipimo kimoja kimoja, na kile cha ugonjwa ule akamsomea mara mbili. Hana. Ana sukari, ambayo itamkata mguu kama hatakonda.

"Lazima akonde?"

"Lazima, mama," muuguzi alisema.

"Na nani alikuwa anampikia?" muuguzi akaongeza.

"Ni mimi," mama alisema. Kisha akafunika uso kwa kile kitambaa na kulia, pale mbele ya foleni nzima, na hakuna aliyejifanya kutazama kwingine. Muuguzi akairudisha karatasi. Mama alipomaliza, droo ilikuwa imefungwa na mimi nilikuwa nimepewa mwezi mmoja wa nyongeza.

Sindano sijadungwa mpaka leo, na naomba hilo lijulikane. Lakini Jumapili ya kwanza ya ule mwezi, nilipofika Ndhiwa, mama alisonga ugali uleule wa watu wa kulima. Akauweka mezani, akakunja ngumi yake na kuilaza kando ya ule ugali. Ngumi ile ilikuwa imebaki mifupa na mishipa. Ya muuguzi ilikuwa kubwa mara mbili.

"Mama, hiyo ni ndogo mno."

"Alisema ngumi," alijibu. "Hakusema ya nani."

Akakata kipande cha kulingana nayo, akaninawisha mikono, na uliobaki akaufunika. Nilikila kwa matonge matatu. Kisha akachukua fimbo yake.

"Inuka. Kilichoingia kimeingia, sasa kitoke."

Tukalizunguka boma, yeye mbele, mimi nyuma nikichechemea. Tulipofika kwenye kaburi la kaka yangu alisimama, akaegemea fimbo.

"Huyu ni sukari tu," alimwambia aliyelala pale.

Halafu akanigeukia na kuniuliza nimesimama kwa nini.