Upande wa Ukutani

Edouard, mume wa Laurentine, alikuwa mfupi, lakini alinunua pikipiki ndefu ya safari, nyekundu, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye miguu ya korongo. Aliitumia kubeba maharagwe kutoka Mitwaba. Mwendoni hakuanguka hata siku moja; ni pale alipotaka kusimama penye mchanga, mguu haufiki chini, nayo inajilalia.

Kila aliporudi nyumbani Kasungami na mkwaruzo mpya, aliiegesha upande ulioumia ukitazama ukuta, kisha akaomba chakula haraka haraka.

"Iko nini kule pa ukuta, baba Aristote?" Laurentine alimuuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Hakuna kintu, mama."

Laurentine aliguna, akaenda kuchukua rangi yake ya kucha, nyekundu vilevile, akapaka mikwaruzo huku akimgombeza. Rangi nzuri kabisa, ya kwendea misa, ikaishia kwenye tangi la mafuta!

Sasa Edouard ana mwaka wa pili makaburini. Leo asubuhi Laurentine aliisogeza pikipiki ili afagie nyuma yake, ikamponyoka, ikaanguka kwa kishindo. Jirani yake Guelord akaja mbio, wakaiinua pamoja. Tangi lilikuwa na mkwaruzo mrefu kama kiganja.

"Si kitu, mama. Ni rangi tu."

Guelord alipoondoka, Laurentine aliisukuma polepole, akaigeuza, akaiegesha upande ulioumia ukitazama ukuta. Kisha akaingia jikoni, akaketi, akingoja kuulizwa.