Baraza Haliketi Kabla ya Arubaini

Mama alipomfuata baba kaburini, nilikuwa darasa la sita. Wazee wa mji wetu waliamua nibaki na wadogo zangu katika nyumba ileile ya wakfu, na mzee mkuu wa baraza akaandikwa mlezi wetu mbele ya shule na serikali. Sisi wa Mji wa Kale tukisema mji, hatumaanishi kisiwa kizima. Ni ukoo mpana wenye msikiti wake, makaburi yake na wazee wake. Ndoa, mirathi na mayatima, yote hukatwa barazani. Sikurudi shule.

Mzee mkuu alikuwa mlezi wa kweli. Mtaala mpya ulipoingia, yeye na wenzake walizunguka ofisi baada ya ofisi wakidai watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa Kimvita, lahaja yetu. "Mtaala wasema lugha ya mahali," alikuwa akisema, "na mahali hapa pana wenyewe." Wakapewa kipindi kimoja kwa juma. Baadaye mwalimu akahamishwa, kipindi kikafa, lakini barazani kiliendelea kusimuliwa kama ushindi.

Kuhusu upangaji wa nafasi za Gredi ya Kumi hawakujua lolote, wala mimi. Kitinda mimba wetu, msichana, alimaliza Gredi ya Tisa kwa alama nzuri. Alitaka mkondo wa sayansi katika shule ya kutwa upande wa Ganjoni, aende kwa miguu na arudi kulala nyumbani. Kompyuta ya wizara ikampeleka bara, shule ya bweni, mkondo wa sayansi ya jamii. Kulikuwa na siku chache za kuomba kubadilishiwa. Juma hilohilo mzee mkuu akafariki.

Nilikwenda shule aliyomaliza. Naibu wa mwalimu mkuu, mtu mpole kutoka bara, akafungua kompyuta.

"Namba ya siri ya kuombea inaingia kwa simu ya mlezi," akasema. "Yuko wapi?"

"Tumemzika jana."

"Pole sana, dada. Basi aje mlezi mwingine."

"Hajateuliwa."

"Anateuliwa na nani?"

"Na wazee."

"Wale wa chifu?"

"Wazee wetu."

"Si uandikwe wewe? Leta tu barua ya chifu."

Lakini chifu, kwa mambo ya mayatima wetu, haandiki barua bila neno la baraza. Hiyo ndiyo heshima ambayo wazee waliipigania miaka mingi wakaipata. Na baraza halikati jambo lolote kabla ya arubaini ya mzee mkuu kusomwa. Ni adabu ya tangu mababu.

Nikaenda matangani. Wazee walikuwa mkekani, kahawa ikizunguka. Nilimwinamia ami yangu, mkubwa wa waliobaki.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka neno moja tu kwa chifu, la shule ya mdogo wangu."

"Kaburi halijakauka, wewe waleta ya shule?"

"Nafasi itafungwa, ami."

Mzee aliyekaa kando yake akacheka. "Kwani shule ina mbawa? Iko palepale tangu sisi twavaa kaptura. Itaruka iende wapi?"

"Si shule, ni nafasi."

"Ikiwa yake, haichukui mtu," ami akasema. "Arubaini si mwaka. Kaangalie jikoni wamepungukiwa nini."

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Chifu akanirudisha kwa wazee. Kule Ganjoni bawabu akaniambia hawapokei mtoto ambaye kompyuta haikumleta. Kumpeleka bara nako sikuweza, maana msichana wetu halali ugenini bila ruhusa ya mlezi, na mlezi yuko kaburini. Siku za maombi zikaisha. Bara wakampa mwingine kitanda chake.

Arubaini ikasomwa, baraza likaketi, nikaitwa. Ami akasema kwamba kwa mara ya kwanza mji umemteua mwanamke kuwa mlezi, nami nimestahili. Najua alimaanisha. Nikambusu mkono.

Mdogo wangu alikuwa uani akichambua mchele.

"Wamesemaje?"

"Mimi ndiye mlezi wako."

"Si ulikuwa tangu zamani?"

Kesho yake chifu aliandika barua palepale, bila hata kukaa. Naibu aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akasema nafasi za Ganjoni zimejaa, labda mtu ahame. Kila Jumatatu nakwenda kumuuliza kama kuna aliyehama. Siku za mwanzo mdogo wangu alinisindikiza hadi langoni. Sasa nikitoka humwacha amelala, au amejifanya kulala, na nikirudi haniulizi.