Wimbo wa Pande Mbili

Nakumbuka siku niliyomfukuza mwanamke mzima kutoka kwenye kwaya kwa sababu ya neno moja la Kiingereza, neno ambalo mimi mwenyewe sikujua maana yake. Mwanangu, sijawahi kukueleza habari hii. Lakini sasa nawe umepewa watu wa kuongoza, kwa hiyo vuta kiti ukae. Maneno yenyewe si mengi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Ilikuwa miaka michache baada ya ile vita kubwa ya pili, wakati ambapo Uasin Gishu karibu yote ilikuwa mashamba ya Wazungu. Mji wa Eldoret wazee wetu walikuwa wakiuita Sisibo, kwa sababu ulianzia kwenye shamba namba sitini na nne, yaani "sixty-four" ya Kiingereza. Mimi nilifundisha shule ndogo ya watoto wa wafanyakazi katika shamba moja la mahindi na pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, kwenye njia ya kwenda Turbo. Wasichana waliosoma walikuwa wa kuhesabu siku hizo. Nilivaa viatu, nilisoma Kiingereza, na watu wenye umri wa baba yangu waliniita Mwalimu. Usicheke. Ukiitwa Mwalimu na mtu wa kukuzaa, kichwa huvimba polepole na wewe mwenyewe huoni.

Shambani tulikuwa pande mbili. Kulikuwa na sisi Wanandi, ambao babu zetu walichunga ng'ombe pale kabla Mzungu hajaweka seng'enge, na kulikuwa na Waluhya waliotoka magharibi kutafuta kazi. Kwenye mahindi tulifanya kazi bega kwa bega bila neno. Shida ilikuwa kanisani. Kila upande ulitaka nyimbo ziimbwe kwa lugha yake. Wakianza wao, sisi tunanyamaza na kutazama nje. Tukianza sisi, wao wanatafuta kitu cha kufunga kwenye viatu, hata wale wasio na viatu. Mara mbili ibada iliishia kwa kelele.

Mwaka ule tulikuwa tumejenga kanisa letu la kwanza la mabati, kwa mikono yetu. Kabla ya hapo tulikuwa tukisali kwenye banda la kukoboa mahindi. Mwenye shamba ndiye aliyetupa kiwanja na mbao, lakini zile kelele zilimfikia. Akamwita Mzee Zakayo, mwinjilisti wetu, akamwambia waziwazi kwamba siku ya kufungua kanisa wageni wakisikia ugomvi, jengo lile atalifanya ghala.

Mzee Zakayo alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye baiskeli iliyolia kuliko punda. Alizunguka mashamba manne akihubiri. Siku moja alikuja shuleni na barua kutoka misheni. Mkuu wa misheni angekuja mwenyewe kufungua kanisa, na kwaya iliombwa kuimba kitu kilichoitwa "anthem".

"Mwalimu Rael," akaniuliza, "hii anthem ni kitu gani?"

Neno lile nilikuwa nimelisikia mahali pamoja tu. Kule shule ya bweni, bendera ya Mwingereza ilipopandishwa, tuliambiwa tusimame wima tuimbe wimbo wa Mfalme, na mwalimu wetu Mzungu aliuita hivyo. Moyoni nilijiuliza kama ndiyo maana yake yote. Lakini watoto wa shule walikuwa wananitazama, na Mzee alikuwa anangoja. Nikajibu haraka, "Ni ule wimbo wa Mfalme."

Akakunja uso. "Wa Mfalme? Tukiwa kanisani?"

"Ndivyo Wazungu wanavyofanya, Mzee."

Hakuniuliza tena. Mimi nami nikajifariji kwamba labda ni heri, maana wimbo ule hauna Kinandi wala Kiluhya. Tutaimba wote lugha ya mtu mwingine, na hakuna atakayelalamika.

Basi mazoezi yakaanza. Watu thelathini, wengi hawajui hata neno moja la Kiingereza, nikawapanga mistari kama askari. Kati yao alikuwa Mama Neria, Mluhya, mwanamke mpana mwenye sauti iliyosikika mpaka kwenye zizi. Kazi yake ilikuwa kukausha pareto. Alikuwa na tabia moja: kila mstari ukiisha, yeye aliurudisha. Sisi tukinyamaza kuvuta pumzi, sauti yake inakuja kutoka nyuma, inaitikia. Hakujua alichokiitikia, lakini aliitikia.

Nikamkataza mara ya kwanza. Nikamkataza mara ya pili. Mara ya tatu nikapiga meza kwa rula.

"Mama Neria! Kama huwezi kunyamaza, toka nje!"

Akanitazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayemtazama mtoto aliyemwaga maziwa. Akajifunga leso yake vizuri.

"Mwalimu," akasema, "mimi sijui wimbo usioitikiwa. Kwetu hiyo ni kama kumsalimia mtu naye akakaa kimya."

Akatoka. Nyuma yake wakatoka Waluhya wote, mmoja mmoja, hata msichana mmoja aliyekuwa rafiki yangu. Mmoja wa wazee wetu akacheka na kusema, "Wacha waende." Ndipo nikajua nimefanya nini. Ugomvi wa mwaka mzima ulikuwa haujapata mtu wa kuubeba, na sasa nilikuwa nimeubeba mimi, zikiwa zimebaki wiki mbili kanisa lifunguliwe.

Nilingoja Mzee Zakayo anigombeze. Alipofika asubuhi iliyofuata hakunigombeza. Aliniambia tu, "Vaa koti. Twende mjini."

Tulipanda juu ya magunia kwenye lori lililopeleka mahindi stesheni. Kule mjini alinipeleka kwa fundi cherehani mmoja Mgoa, Mhindi wa kutoka Goa, Bwana Kaitani, aliyekuwa akimshonea kanzu ya ibada. Alikuwa Mkatoliki, mzee wa miwani minene, na Jumapili alipiga kinanda katika kanisa lao. Mzee alimpa ile barua.

"Bwana Kaitani, wewe watu wako wameimba kanisani miaka mingi kuliko sisi. Hili neno lina maana gani?"

Yule fundi aliacha kukanyaga cherehani. Akasoma, akatabasamu.

"Hii neno iko mzee sana," akasema kwa Kiswahili chake. "Kwanza iko ya Wagiriki. Wao nasema antifona. Maana yake ni sauti inayojibu sauti ingine. Zamani watu ya Mungu nakaa kanisani pande mbili, hii na hii, natazamana. Upande hii naimba mstari moja, upande ile najibu. Hii naimba, ile najibu. Sisi Wakatoliki mpaka leo nasema antifona. Lakini Mwingereza, mdomo yake nakula maneno. Nakula kidogo, nakula kidogo, miaka mia na mia ingine, mpaka nabaki anthem."

"Na wimbo wa Mfalme?" nikauliza, sauti yangu ikiwa ndogo.

"Hiyo nakuja nyuma sana, mama. Kwanza iko wimbo ya kujibiana. Halafu wao naita hivyo wimbo yoyote kubwa ya kwaya kanisani. Halafu watu naombea mfalme kwa wimbo, basi hiyo pia napata jina. Lakini mkuu ya misheni naandika habari ya kanisa. Yeye nataka zaburi, hataki bendera." Akaturudishia barua. "Nyinyi kule shamba iko na pande mbili?"

Mzee Zakayo alicheka mpaka akashika mlango. "Tunazo! Mwaka mzima tunagombana nazo."

Mimi sikucheka. Nilikuwa namfikiria Mama Neria. Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa amefanya kile hasa ambacho barua ilikuwa imeomba, nami niliyesoma nikamfukuza kwa kukifanya.

Tulipokuwa tunangoja lori la kurudi, Mzee aliketi kwenye jiwe kando ya reli, akanipungia mkono nami niketi.

"Rael, binti yangu. Mimi sikukasirika kwa sababu hukujua. Hata mimi sikujua. Nilikasirika kwa sababu nilikuuliza swali, wewe ukanipa jibu la kuninyamazisha. Mtu anayejua humfungulia mwenzake mlango. Wewe uliufunga, ukasimama mbele yake."

Maneno hayo yalinichoma, mwanangu. Nililia pale pale mbele ya makuli wa stesheni. Hakunibembeleza. Alingoja nimalize, akanipa kitambaa chake, akasema, "Sasa nenda ukamwambie."

Nilimkuta Mama Neria kwenye nyumba ya kukaushia pareto, akigeuza maua kwenye chekecheke. Harufu ya maua yale ilikuwa kali ya kuwasha pua. Aliniona, akaendelea na kazi. Nikasimama. Akamaliza chekecheke moja, akaanza ya pili. Nikaona nisiongee mpaka aniulize.

Mwishowe akasema, "Mwalimu, umekuja kunifundisha tena?"

"Nimekuja kukuomba msamaha, Mama. Nilikukosea mbele ya watu, na nitakuomba msamaha mbele ya watu. Tena nimekuja unifundishe."

Nikamweleza habari ya fundi na neno lile. Alisikiliza mikono ikiwa imesimama.

"Kumbe Wagiriki nao waliitikia," akasema. Baadaye akauliza, "Sisi tutaimba kwa Kiluhya?"

"Kwa Kiluhya. Na sisi tutawaitikia kwa Kinandi. Zaburi ni ile ile."

"Watu wenu watakubali?"

"Sijui, Mama."

Nafikiri hilo ndilo lililomgusa, kwamba safari hii nilisema sijui. Akachukua chekecheke ya tatu. "Nitakuja," akasema. "Lakini nikishindwa kunyamaza, nitoke?" Halafu akacheka, mwili wote ukitikisika, nami nikacheka huku macho yananilenga machozi.

Watu wetu hawakukubali kwa urahisi. Nilisimama mbele ya kwaya nzima nikaomba msamaha, na wazee wa upande wangu wakanuna. "Kwa nini wao waanze na sisi tuitikie? Sisi ni wapagazi wao?" Tukabishana siku mbili. Mzee Zakayo ndiye aliyepata njia: ubeti wa kwanza waanze wao, wa pili tuanze sisi, na kuendelea hivyo mpaka mwisho, na hakuna ubeti utakaokamilika bila upande wa pili. Wakakubali shingo upande. Tukachagua zaburi ya shukrani, kila upande ukaitia sauti ya kwao, na kwa siku zilizobaki tukafanya mazoezi tukiwa tumekaa tukitazamana. Ajabu ni kwamba ni vigumu kumnunia mtu unayemngojea amalize mstari ili wewe uanze wako.

Siku yenyewe ilifika. Mkuu wa misheni alikaa mbele pamoja na mwenye shamba na mkewe. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Waluhya wakaanza, sisi tukaitikia. Tukaanza sisi, wao wakaitikia. Mabati yalikuwa yanatetemeka. Nilianza kupumua.

Tulipofika ubeti wa nne, zamu yetu ya kuanza, aliyeongoza upande wetu alikuwa mzee mmoja aliyependwa sana, na ndiye yule aliyesema "Wacha waende." Akafungua mdomo. Hakuna kitu. Maneno yalikuwa yamemtoka. Alisimama pale, na sisi nyuma yake tukaganda pamoja naye. Hata mimi, mwalimu wao, sikuweza kulikumbuka neno la kwanza. Nikaona mwenye shamba anageuka kumtazama mkewe.

Ndipo sauti ikatoka upande wa pili. Mama Neria. Na hakuimba Kiluhya. Aliimba mstari wetu, kwa Kinandi, Kinandi kibovu kabisa chenye matamshi ya kwao, lakini maneno yote yalikuwemo. Alikuwa ameyasikia siku zote zile akitungojea tumalize. Aliuimba ule mstari akimtazama yule mzee usoni, kama mtu anayemshika mkono mwenzake kuvuka mto.

Halafu, mwanangu, yule mzee akaitikia. Aliitikia kwa Kiluhya. Sijui aliyajulia wapi maneno yale, bila shaka naye masikio yake yalikuwa yakifanya kazi alipokuwa amenuna. Watoto walicheka kwa furaha, kanisa lote likapokea, na kutoka pale hakuna aliyejua tena nani ni upande gani. Mkuu wa misheni alisimama. Mwenye shamba naye akasimama, na habari ya ghala haikutajwa tena.

Sitakudanganya kwamba ugomvi uliisha siku ile. Watu ni watu. Kulikuwa na siku nyingine za kununiana, na baadaye nchi hii yetu imepita mahali pabaya kuliko pale. Lakini tulikuwa tumejua kwamba inawezekana, na tukishajua hivyo hatukuweza kujifanya hatujui. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, aliyempokea kwa mikono yake alikuwa Neria.

Kwa hiyo sikia ninayokuomba. Usiulizwe jambo usilolijua ukatoa jibu kwa ajili ya kulinda jina lako. Sema sijui, kisha nenda ukaulize, hata kama ni kwa fundi cherehani. Ukimkosea mtu mbele ya watu, usimwombe msamaha pembeni. Na unapowaongoza watu, usiwatafutie lugha ya kuwanyamazisha wote ili upate utulivu. Wape nafasi ya kusikilizana, kila mmoja kwa sauti aliyozaliwa nayo. Siku hizi mnasimama wima wimbo wa taifa unapoimbwa, na ni vizuri, simameni. Lakini msimamapo mwangalieni aliye upande wa pili, kwa sababu taifa nalo linahitaji mtu wa kuanza na mtu wa kuitikia.

Mungu akupe masikio kabla ya kukupa sauti. Akuzungushie watu watakaokushika maneno yakikutoka, nawe akupe moyo wa kuwashika wao. Popote utakapoita, mwanangu, apatikane wa kukuitikia. Enda na amani.