Redio ya Nyumba na Redio ya Kujifunza

Mwanangu, umekuja kuniuliza uanze na redio gani, na mkononi umeshika picha ya mtambo wa bei ya kumtoa mtu jasho. Keti. Nitakujibu, lakini kwanza nikurudishe kwenye nyumba yetu ya Nyalenda, miaka ya themanini, na asubuhi moja ambayo nikiikumbuka hata leo naiacha chai ipoe.

Nilikuwa msichana wa sekondari. Mjini palikuwa na fundi wa redio, Bwana Singh, mzee wa kilemba cheupe, aliyekuwa na leseni ya kuzungumza hewani na watu wa nchi za mbali. Hakulipwa, alipenda tu. Siku moja nilimpelekea redio ya Baba aikaze kitufe, nikakuta milio ya Morse, ile mifupi na mirefu inayosimama badala ya herufi, inatoka kwenye mtambo wake, na yeye anatabasamu peke yake. Aliniambia anayepiga yuko Japani, anamweleza kwamba kwao kunanyesha. Yawa! Nilinasa hapo hapo. Nikamwambia nami nataka.

Hakunicheka. "Kwanza sikiliza," akasema. "Mtu hajui kusikiliza, ukimpa mashine ya kuongea atapiga kelele tu. Wewe tafuta redio mbili kuukuu za masafa mafupi. Moja inashika Morse, lakini utasikia kama pumzi tu, puf, puf. Ya pili unaweka karibu, unazungusha pole pole, ile pumzi inageuka mluzi. Hiyo ndiyo mashine ya maskini. Ngoja nirudi kutoka Nairobi, nitakupatia moja mbovu, tutengeneze pamoja."

Ngoja! Neno hilo ukiwa na miaka kumi na saba ni tusi. Nilijiambia kwamba fundi mwerevu angeutoa mluzi ule kwenye redio moja. Nikamwomba Baba redio yake.

Sasa uelewe redio ile ilikuwa nini. Baba alifanya kazi kiwanda cha nguo, na katika ploti yetu nzima redio iliyosikika vizuri ilikuwa yake. Jioni, saa ya matangazo ya vifo, majirani walikuja kusimama mlangoni kwetu. Unawajua watu wetu na matangazo hayo. Sufuria inaweza kuungua jikoni, hakuna atakayeinuka kabla jina la mwisho halijasomwa. Simu hatukuwa nayo, na barua ilichukua muda wake. Mtu wako akifa mbali, redio ndiyo iliyokuita ukamzike.

Mama alisema hapana. Baba akaishusha redio kutoka juu ya kabati, akanipa. "Chukua, nyara," akasema. Ndivyo alivyoniita akifurahi; kwa lugha yetu maana yake binti yangu. "Ukijua wewe, tumejua sote."

Niliifungua kwa bisibisi ya cherehani. Nikazungusha koili moja, vile vizingo vya waya vya ndani, nikazungusha nyingine, mpaka kiini cha moja kikapasuka, redio ikafa. Baba hakunigombeza. Alisema tu Bwana Singh akirudi ataitazama. Majirani walikuja jioni ile, wakakuta kimya, wakaenda zao.

Basi wiki ikapita, na nyingine ikaanza. Asubuhi moja mlango ukabishwa, nikafungua mimi. Alikuwa binamu yangu, mtoto wa kaka mkubwa wa Baba, ametoka kijijini kwetu Asembo. Kichwa kimenyolewa, kinang'aa. Kwetu mtoto hunyolewa baada ya kumzika mzazi wake, na Baba, aliyekuwa ameinua kikombe, alielewa kabla salamu haijatoka.

"Baba mdogo, tulikungoja," binamu akasema. "Jina la mzee lilisomwa redioni jioni tatu. Kaburi tuliliacha wazi mpaka jua likaanza kuzama. Watu wakauliza, huyu mdogo wake ana nini na marehemu?"

Baba aliweka kikombe chini. Angeweza kuninyooshea kidole, mwanangu, ningestahili. Akasema, "Redio yangu iliharibika." Basi. Akaenda kutafuta viatu. Nililia mpaka Mama akaja kunishika. Baba alikwenda Asembo kusalimia udongo.

Bwana Singh aliporudi nilimweleza yote. Alivua miwani. "Mimi nilisema ngoja," akaniambia, na sauti yake ilikuwa kali. "Redio ya nyumba ina kazi ya nyumba. Ya kujifunza ni ile ikikufia mkononi, hakuna mtu analia." Akaitengeneza ya Baba kwanza, mimi nikisimama. Baadaye ndipo tukatafuta mbili za kutupwa, na waya wa shaba tukautandaza juu ya bati. Nikausikia mluzi. Miaka mingi baadaye nilipata leseni yangu.

Baba alifariki miaka ya tisini. Jioni kifo chake kilipotangazwa redioni, nyumba ilijaa watu na hakuna aliyekohoa. Redio ile ile ilikuwa juu ya kabati lile lile. Jina lake liliposomwa, Mama aliinuka akaongeza sauti. Kesho yake alfajiri binamu wa Asembo alikuwa wa kwanza kufika. "Tumesikia," akasema.

Kwa hiyo irudishe picha yako mfukoni. Anza na kilichotupwa, kilicho chako peke yako, na waya mrefu kuliko unavyodhani unahitaji. Sikiliza mwaka mzima. Kuongea kutakuja na leseni, usikurupuke. Na kama kitu kinawategemeza wenzako nyumbani, usikiguse hata wakikupa kwa mikono miwili, kwa maana wanaokupenda watakupa.

Mungu akufungulie masikio, mwanangu, akuvushie sauti yako bahari zote. Na jina la mtu wako lisisomwe kamwe hewani nyumba yenu ikiwa kimya.