Mnunuzi Mwenye Picha ya Waridi

Robota la mapazia ya mtumba hufunguliwa sebuleni kwangu, mtaa wa Section 58, na tunalifungua watu wawili: mimi na mdogo wangu, kitinda mimba wetu anayeishi Njoro. Tunalinunua pamoja, tunakata kamba, kisha tunachagua kwa zamu, pazia moja moja. Mimi ndiye mkubwa, kwa hivyo naanza mimi. Kila mara mazuri yanakuwa upande wangu, na kila mara yanayouzika yakaisha ni yake.

Tunauza kwa mnada wa simu, Jumamosi alasiri, kwanza wangu, halafu wake. Nasimama mbele ya kamera na kuinua pazia, watazamaji wanaandika bei, mmoja akimpita mwenzake, na wa mwisho ndiye mshindi. Mshindi ana hadi Jumatatu kutuma pesa. Wa mdogo wangu hutuma kabla hata hajalikunja pazia. Wanafunzi, walimu wa chuo, wake za wakulima wa ngano, wote wanalipa, na shukrani wanamwandikia juu. Wangu wanaingia mitini.

Nilimwonea wivu mpaka sauti yake. Akisahau neno anacheka, na watu wanacheka naye. Nikisahau mimi, watu wanaondoka. Nilikuwa namtazama mnada mzima nikimtafutia kosa, na sikuliona. Tangu utotoni, akiingia jikoni nyumbani kwetu kule Bahati, mama alimsogezea kigoda. Mimi nilijisogezea mwenyewe.

Kisha akatokea mnunuzi asiye na jina, ila picha ya ua la waridi jekundu. Nilikuwa nimeinua pazia la mahameli ya kijani, zuri kuliko yote robotani, na watu walikuwa wakisitasita. Waridi akaandika bei. Mwingine akampita, Waridi akampita huyo tena, na akashinda. Nililala na furaha. Jumatatu ikapita kimya. Nikamwandikia kwa upole, kisha kwa ukali, asijibu. Nikamrudia mteja aliyekuwa wa pili, akaniambia, "Pole dear, nilishachukua ingine kwa sister yako."

Jumamosi iliyofuata nikaliinua tena, Waridi akalichukua tena na kupotea. Mara ya tatu mtu akaandika, "Si hii curtain ni ile ile? Iko na shida gani?" Wengine wakamwaga vicheko. Waridi akalichukua hata siku hiyo.

Hapo nikajipa jibu. Nani alikuwa akifaidika wateja wangu wakifungiwa njia? Waridi alikuwa mdogo wangu. Niliamua robota lijalo kila mtu anunue lake, na kwa kuwa huwezi kutengana na ndugu yako bila mzazi kujua, Jumapili nikapanda kwenda Bahati, lile pazia likiwa mkobani kama ushahidi.

Mama alikuwa ameketi mlangoni akimenya njegere.

"Mama, huyu mtoto wako ananiharibia kazi," nikamwambia kabla hata ya kukaa. "Anajifanya mtu mwingine, ananunua vitu zangu na halipi."

"Huyo mtu anaitwa nani?"

"Hana jina. Ni picha tu ya ua, waridi nyekundu."

Mama akapangusa mikono, akatoa simu mfukoni, simu niliyomnunulia mimi. Mimi humpigia tu. Sikujua amefunguliwa akaunti yenye picha. Akanigeuzia kioo.

"Kama hii?"

Lilikuwa waridi lile lile.

"Wamama wa kanisa walinionyesha vile mnauza," akasema. "Nikakuona umeinua hiyo kitambaa, na hakuna mtu anaongeza bei. Nikasema mtoto wangu hawezi aibika na mimi niko."

"Lakini mama, hukulipa!"

"Nilipe ndio uniletee? Niko na dirisha mbili tu. Kanisani mtu akinunua kuku, si anasema irudi kwa mnada iuzwe tena? Kuku moja inaweza jenga ukuta. Nilikurudishia uuze."

"Huko wanalipa kwanza, ndio wanarudisha."

"Huko ni kwa Mungu. Wewe ni mtoto wangu."

"Na zile meseji zangu?"

"Miwani ilivunjika. Namba naona, maneno sioni. Nikajua ukiwa na neno utapiga."

Nikamuuliza nililotaka kujua kuliko yote: je, na mdogo wangu yeye mama humpandishia bei?

"Yule?" Mama akachukua njegere nyingine. "Yule ana watu."

Miaka yote nilitaka anichague mimi kwanza. Sasa alikuwa amenichagua, na ilikuwa kwa huruma. Nilimwambia kwa ukali asithubutu tena kuandika bei kwangu. Akasema haya, na kuendelea kumenya.

Jumamosi mnada wangu ulipoa kabisa. La kijani lilikwenda kwa bei ya kutupa, na mnunuzi akalipa. Kisha nikaingia kwa mdogo wangu kutazama. Aliinua pazia rangi ya maziwa, akacheka, na hapo chini ya kioo likachomoza ua la waridi.

Ningeweza kucheka. Ningeweza kumpigia mdogo wangu nimwonye. Badala yake nilishikwa na wivu. Nilikuwa nimemfukuza mama kwangu, naye hakukaa hata wiki, akahamia kule. Nikaandika bei juu ya yake. Mama akanipita. Nikampita, akanipita tena, na watu wote wakaacha kuweka bei wakitutazama, mpaka mama akaachia. Nilikuwa nimeshinda pazia nisilolihitaji, kwa bei ya wazimu. Nikalipa palepale, kwa sababu nisipolipa mimi, angerudiwa wa pili, na wa pili alikuwa mama.

Mdogo wangu akaona jina langu, akalia mbele ya kamera. "Sister, hujawahi ninunulia kitu. God bless you."

Nikamwandikia si kitu. Macho yangu yalikuwa kwenye mnada wake, maana alikuwa ameshainua pazia lingine, na waridi lilikuwa bado pale.