Kifua cha Winchi

Tairi la lori lilipasuka asubuhi Winchi akilijaza upepo, mkewe akiwa ng'ambo ya barabara kwenye saluni yake, vidole vimezama katika nywele za mteja. Kioo kilitikisika ukutani. Alitoka mbio, kitana mkononi, akamkuta mumewe ameketi chini mbele ya gereji, na ringi ya chuma iliyomgonga kifuani imelala kando yake.

Watu walimwita Winchi, kwa jinsi alivyonyanyua matairi ya malori peke yake.

"Mama watoto, rudi kazini," alisema. "Hata damu hakuna."

Kweli, hakukuwa na hata tone. Dereva wa lori alikwishaanza utani kwamba chuma kimekutana na chuma. Mkewe akamfungua vifungo vya ovaroli apate hewa, akakitazama kifua. Kila Winchi alipovuta pumzi, kifua kilipanda, lakini kipande kizima cha upande wa kushoto kilibonyea ndani.

"Washa gari," mkewe akamwambia dereva. Utani uliishia hapo.

Walipofika hospitali, midomo ya Winchi ilikuwa imepauka na mishipa ya shingo imetuna. Daktari, mama mfupi asiye na maneno mengi, alimsikiliza kifua mara moja tu. Hakungoja picha. Alichoma sindano kifuani, hewa ikatoka kwa mlio kama wa tairi linalovuja. Kisha akapitisha mrija kati ya mbavu, damu ikateremka hadi kwenye chupa sakafuni.

"Mbavu sita," alisema baadaye. "Nyingine zimevunjika mahali pawili. Zimetoboa pafu, na hewa iliyovuja ilikuwa inaubana moyo."

"Lakini alikuwa anaongea, daktari. Alinifukuza nirudi kazini."

"Wanaoongea hivyo ndio wanaotuponyoka."

Siku ya tatu Winchi aliomba uji, mkewe akashusha pumzi. Jioni homa ikapanda. Kwa kuogopa maumivu alikuwa hakohoi, makohozi yakajaa kwenye pafu lililochubuka, nimonia ikaingia. Alilala siku tisa akipumua kwa mashine. Mkewe alikaa kando ya kitanda, akiwa haamini kwamba mtu huyu ndiye aliyewahi kubeba kabati la nguo mgongoni hadi ghorofani.

Mashine ilipotolewa, walimchoma dawa ya ganzi karibu na uti wa mgongo, muuguzi akampa mto aukumbatie.

"Kohoa, baba."

"Inauma."

"Najua. Kohoa."

Alikohoa, akalia kwa sauti. Miaka kumi na minane ya ndoa, mkewe alikuwa hajawahi kuliona chozi lake. Lilimtisha kuliko ile chupa ya damu.

Alirudi nyumbani baada ya wiki tano. Gereji sasa ina kizimba cha chuma, na hakuna tairi la lori linalojazwa upepo nje yake. Winchi husimamia tu. Akipanda ngazi za nyumbani husimama katikati, na mkewe husimama naye, akijifanya anafunga kiatu.